Zege lilimwagwa nikiwa darasani

Shikamoo Mwalimu,

Nimeanza kukuandikia mara tatu nikafuta. Leo nakaza moyo nifike mwisho, maana nimebakiwa na siku 20 za kutoa jibu na sijui nijibu nini.

Mimi ni msanifu majengo, nina miaka 39. Ofisi yangu ina miaka 8 na tuko watu 5 pamoja na mimi. Tunachora nyumba za kuishi na majengo madogo ya biashara, na mwaka jana tulipata shule, kazi yetu kubwa kuliko zote. Sambamba na hayo, huu ni mwaka wa 6 nafundisha studio, yaani darasa la kusanifu, ya mwaka wa pili chuoni, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kuanzia saa 8 mchana hadi saa 12 jioni. Nina wanafunzi 16. Nilipoingia niliambiwa ni muhula mmoja tu, nimshikie nafasi mwenzangu aliyekwenda kusoma. Mwenzangu alirudi, mimi sikutoka.

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye jopo la tathmini ya mwisho wa muhula. Unajua siku ile ilivyo. Michoro imejaa ukutani, vijana hawajalala siku mbili, na ukigusa simu wakati mtoto wa watu anatetea kazi yake unamvunja moyo. Nikaizima. Nilipoiwasha saa 12 na nusu nikakuta simu 4 za msimamizi wa ujenzi zilizonikosa, na ujumbe wa msaidizi wangu: "Dada, wanauliza ngazi, gari la zege liko njiani." Ujumbe ni wa saa 9. Saa 10 zege lilikuwa limeshamwagwa.

Kesho yake alfajiri nikaenda na futi. Vipandio 18, yaani vimo vya kupanda kutoka kidato hadi kidato, kutoka sakafu hadi sakafu, kila kimoja milimita 170, vimenyooka, fundi kafanya kazi safi kabisa. Shida ni kwamba sakafu ya chini na ya juu zote zitapokea milimita 60 za kusawazishia na vigae, wakati vidato vya ngazi, pale mguu unapokanyaga, vitapokea milimita 20 tu. Sakafu zikishamalizika, kipandio cha kwanza kitabaki milimita 130 na cha mwisho kitakuwa 210, huku vile 16 vya katikati ni 170. Mtu akishuka usiku taa zikiwa zimezimika, mguu wake wa kwanza utatafuta kidato mahali ambapo hakipo. Na hii ni shule, Mwalimu. Watoto watakimbia kwenye ngazi hiyo.

Linaloniumiza zaidi ni kwamba wiki mbili kabla ya siku ile nilisimama ubaoni nikiwafundisha wanafunzi wangu kuwa ngazi huhesabiwa kuanzia sakafu iliyomalizika, si kuanzia zege.

Huko chuoni nako siko sawa. Yupo kijana mmoja mkimya, anachora kwa mkono vizuri sana. Siku moja nimeinama mezani kwake, ametandaza karatasi angavu yake, simu ikatetemeka mfukoni nami nikaitazama. Nilipoinua macho alikuwa anaikunja karatasi. Akaniambia kwa adabu, "Usijali Mwalimu, naona una kazi nyingi. Nitakuuliza siku nyingine." Hii ni wiki ya tano na hajaniuliza.

Fedha ndiyo usiseme. Mwaka huu nimewalipa vijana wa ofisini kwa mshahara wangu wa chuo mara mbili. Mume wangu, ambaye amenivumilia sana, anasema nichague moja ili angalau anione nikilala. Mama yangu yeye kila tukionana ananikumbusha kuwa mshika mbili moja humponyoka. Na sasa mkuu wa idara amenipa nafasi ya kuwa mratibu wa mwaka wa pili wote, mkataba wa kudumu, jibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Mwalimu, napenda kufundisha. Mwanafunzi anapoigeuza modeli yake ya kadibodi kwenye dirisha na ghafla akaona mwanga utaingilia wapi, mimi hupata nguvu ya wiki nzima. Na napenda ofisi yangu, niliianza na meza moja. Nikubali uratibu nifunge ofisi? Niache chuo? Au mimi tu ndiye sijui kupanga muda?

Mwenye futi mkononi

*

Marahaba, mdogo wangu.

Kabla ya chuo na ofisi tuanze na ngazi, kwa sababu ngazi haingoji mwisho wa mwezi.

Leo hii mtu asiguse patasi wala nyundo. Rudi saiti na msaidizi wako, mpime kila kipandio, kushoto na kulia, mwandike vipimo vyote 18 kwenye karatasi moja. Piga simu kwa kampuni ya bima yako ya kitaaluma siku hiyohiyo na uwaeleze kilichotokea, kisha mwandikie mwenye jengo. Mweleze kilichopimwa, kitakachokuwa sakafu zikimalizika, na lini utamletea njia ya kurekebisha. Nani atabeba gharama ni mazungumzo ya baadaye, na bima nyingi hazipendi ukiri deni kabla hawajasikia. Ila kuhusu hatari yenyewe usimfiche mwenye jengo hata siku moja.

Marekebisho yapo. Vidato vyako vikipokea milimita 60 kama sakafu, badala ya 20, vipandio vyote 18 vinarudi kuwa 170. Maana yake ni kuongeza milimita 40 za saruji na mchanga juu ya kila kidato, na hizo ni karibu kilo 85 kwa kila mita ya mraba. Mhandisi wa miundo ndiye atakayesema kama ngazi inabeba mzigo huo na namna ya kuushikisha na zege la zamani. Akikataa, muulize kuhusu kupunguza unene wa sakafu hapo juu na chini. Kwa bahati vyuma vya kushikia mkono havijafungwa, kwa maana hukuvitaja. Kama vipo njiani, visimamishe, vimo vyake vitahama.

Sasa tuje kwako.

Barua yako inasema zege lilimwagwa kwa sababu ulikuwa kwenye jopo. Mimi nilichukua kalamu nikaichora ngazi yako nyuma ya bahasha, nikajiuliza swali lingine: kwa nini msimamizi alilazimika kupiga simu? Mtu mwenye mchoro kamili mkononi hapigi simu 4. Alipiga kwa sababu mchoro ulimpa kimo cha zege na haukumwambia sakafu itakuwa nene kiasi gani. Unene huo ulikuwa kichwani mwako. Msaidizi wako aliyekuwa ofisini hakuujua, au aliujua na hakujiona ana ruhusa ya kusema "simamisheni". Siku hiyo ungekuwa hospitali, au kwa mteja mwingine, au kwenye ndege, zege lingemwagwa vilevile.

Nakuambia hivi kwa sababu nami niliwahi kulikosea hili. Nimefundisha miaka 22 nikiwa na ofisi. Mwaka wangu wa 7 niliacha kufundisha kabisa, nikijua nikiwa ofisini siku 5 kwa wiki mambo yatatulia. Hayakutulia. Nilikaa ofisini kuanzia asubuhi na bado kulikuwa na foleni mlangoni kwangu, vijana wanne wamesimama na karatasi, kila mmoja akisubiri neno moja tu kutoka kwangu ili aendelee. Saa zilikuwa zimeongezeka na foleni ilikuwa ileile. Ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nimejenga ofisi ambayo haiwezi kuamua chochote bila mdomo wangu. Nikarudi kufundisha mwaka uliofuata, nikaanza kuirekebisha ofisi.

Kwa hiyo swali lako la mwisho, kama hujui kupanga muda, nalijibu kwanza: hapana. Mtu anayefundisha siku 3 na kuendesha watu 4 kwa miaka 6 anajua kupanga muda. Usichokifanya ni kugawa maamuzi.

Anza hapa. Kaa na msaidizi wako, yule aliyekuandikia "Dada, wanauliza ngazi". Huyo ni mtu wa kushukuru, maana aliona hatari. Mwandikie karatasi yenye mafungu matatu: mambo anayoamua mwenyewe na kukueleza baadaye, mambo ambayo lazima akupate kwanza, na mambo ambayo akishindwa kukupata kazi inasimama. La mwisho ndilo lenye uzito. Kijana hawezi kusimamisha gari la zege lenye mzigo, dereva anafoka na mkandarasi anahesabu hasara, kama hana karatasi yenye sahihi yako inayosema ana mamlaka hayo. Halafu mpeleke kwa mkandarasi umtambulishe mbele ya watu: siku nisipokuwepo, huyu akisema simama, ni mimi nimesema simama. Na siku atakaposimamisha kazi bila sababu ya kutosha, kwa maana itatokea, usimkaripie mbele yao. Ukimkaripia mara moja tu, hatasimamisha tena.

Weka na vituo ambavyo kazi haivuki bila ukaguzi kutiwa sahihi: kabla ya msingi kufunikwa, kabla ya kila zege, kabla mabomba hayajazibwa ukutani. Vituo hivyo viandikwe kwenye nyaraka za mkataba, mkandarasi avijue tangu siku ya kwanza na apange magari yake kwa kuvifuata. Zege la sehemu nyeti lisipangwe siku ya jopo. Tarehe za tathmini zinajulikana tangu muhula unaanza. Ziwekwe kwenye kalenda ya ofisi kwa wino mwekundu kama zinavyowekwa sikukuu.

Kisha michoro yenyewe. Kila mchoro wa ngazi unaotoka kwako uwe na vimo viwili kila mahali, cha zege na cha sakafu iliyomalizika, na unene wa kila tabaka uandikwe kwa tarakimu. Uliwafundisha wanafunzi jambo hilo ubaoni. Chukua somo hilohilo ulitoe Jumanne asubuhi ofisini kwako. Walimu wengi tunafanya kosa hili, tunawafundisha wageni kwa saa 12 kwa wiki na tukirudi ofisini tunawaamuru watu wetu tu. Ungewafundisha wale 4 kwa saa moja kila wiki, nina hakika mmoja wao angejua kwa nini milimita 60 ni swali.

Naja kwenye studio, kwa sababu kule nako kidonda ni kilekile. Una wanafunzi 16 na dakika 240. Ukipita meza kwa meza, kila mmoja anapata dakika 15 bila wewe kunywa hata maji. Mtu wa 9 anapata mwalimu aliyechoka, wa 16 anapata mwalimu anayetazama saa. Hakuna mbinu ya kuzinyoosha dakika hizo. Kinachobadilika ni nani anayezungumza.

Wazee wa fani yetu walilijua hili. Katika karne ya 19, wanafunzi wa École des Beaux-Arts, chuo cha sanaa kule Paris, walijifunza kusanifu ndani ya atelia, yaani karakana ya kuchorea, na mkuu wa atelia alikuwa msanifu mwenye majengo yake yanayoendelea mjini. Hakushinda pale. Alipita mara chache kwa wiki kusahihisha, akarudi kwenye kazi zake. Katikati ya ziara hizo wanafunzi wakubwa waliwaelekeza wadogo, na wadogo nao waliwasaidia wakubwa kukamilisha michoro yao ya mashindano. Ulikuwa mfumo wenye ukali na dhuluma zake, na sikuombei urudi. Ila yule mwalimu mwenye ofisi aliwezekana kwa sababu atelia ilijifundisha hata akiwa hayupo.

Kwako naona hivi. Siku moja kati ya siku zako acha meza kwa meza. Bandika kazi za wanafunzi 4 ukutani kwa wakati mmoja, wengine wasimame nao, na kila mwenye kazi aanze kwa swali moja aliloliandika kabla ya kuja. Ukiwapa kila kundi dakika 50 unamaliza kwa saa 3 na dakika 20, na kila mmoja amesikia maswali ya wenzake. Dakika 40 zinazobaki ni za wale waliokwama kweli, na hao utawajua kwa macho. Mwanafunzi asiye na swali lililoandikwa abandike kazi yake mwisho. Mwanzoni watalalamika kuwa hawakupati. Wiki ya 4 utawasikia wakisahihishana kabla hujafungua mlango.

Simu usiizime tena siku ya studio, na pia usikae nayo. Iwe kwa msaidizi wako, namba ya saiti ielekezwe kwake. Ukiizima unakuwa bado umeibeba kichwani, na wanafunzi wanaona.

Sasa fedha, na hapa nitakuwa mkali kidogo kwa kuwa nakutakia mema. Umesema umelipa mishahara ya ofisi kwa mshahara wa chuo mara mbili. Wewe unaiona kama dharura mbili. Mimi naogopa kuwa huo ni ugonjwa wa muda mrefu. Mshahara wa chuo una ubaya huu kwa mwenye ofisi: unamzuia kuona kuwa ada anazotoza hazitoshi. Kuna kazi unaichukua kwa bei ya chini kwa sababu ni nzuri, mteja anabadili mpango mara 5 nawe huombi malipo ya ziada, na mwezi ukiisha chuo kinaziba pengo. Miaka inapita hivyo.

Louis Kahn, msanifu wa Marekani, unamjua, wanafunzi wako wamechora jengo lake la Salk, taasisi ya utafiti kule California, mpaka wamechoka. Alifundisha chuo kikuu cha Yale kuanzia 1947, halafu cha Pennsylvania hadi mwisho wa maisha yake. Ni walimu wachache waliopendwa kama yeye, na majengo yake yatatupita sote. Mwaka 1974 alifariki katika kituo cha treni New York akitokea safarini India, na ofisi aliyoiacha ilikuwa imezama kwenye madeni. Kila ninapowafundisha majengo yake nawaambia vijana na hili, kwa sababu nyuma ya deni la ofisi kuna watu wenye familia waliokuwa wakichora pale.

Chukua vitabu vya miezi 24 iliyopita. Toa kila senti iliyotoka chuoni. Jiwekee mshahara, ule ambao ungemlipa mtu mwenye ujuzi wako akushikie nafasi, na andika saa za kila mtu kwa kila mradi hata kama ni kwa kukadiria. Mimi nilipofanya zoezi hili, nyumba niliyoipenda kuliko zote ndiyo iliyokuwa imekula saa nyingi kuliko ada ya nyumba tatu. Niliumia, nikabadili mikataba yangu: ada kwa hatua, mabadiliko ya mteja baada ya hatua kusainiwa yanalipiwa, na kazi ya hatua inayofuata haianzi kabla ya ile iliyopita haijalipwa. Wateja wawili waliondoka. Waliobaki wanatosha.

Naomba pia uwe makini na jambo ambalo hukuliuliza. Ukibanwa utashawishika kuleta mradi wa ofisi darasani, wanafunzi 16 wakuchoree mapendekezo 16. Usifanye hivyo. Wamelipa ada wajifunze, na siku mmoja wao ataona wazo lake kwenye jengo la mteja wako hutakuwa na la kusema. Peleka swali la ofisi, mradi uuache ofisini. Mwaka 1968 Robert Venturi na Denise Scott Brown, wasanifu wa Marekani waliokuwa na ofisi yao, waliwachukua wanafunzi wa Yale hadi Las Vegas kuchunguza barabara yenye kasino na mabango yake, swali ambalo walikuwa nalo wenyewe siku nyingi. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo kina jina la tatu, Steven Izenour, aliyewasaidia kuongoza studio ile, na huyo baadaye alikuwa mshirika katika ofisi yao. Jina lake liliandikwa. Wewe una swali zuri la mwaka mzima: watoto wanapandaje na kushuka ndani ya shule? Mpe kila mwanafunzi ngazi moja iliyojengwa, aipime, aketi pale saa moja ahesabu wanaojikwaa.

Na ukimwajiri mwanafunzi wa sasa, asiwe wa darasa unalolisahihisha wewe, na alipwe.

Kuhusu uratibu: kataa. Nimelifikiria hili kuliko yote kwa sababu mkataba wa kudumu si kitu cha kudharau kwa mtu mwenye familia. Lakini tofauti ya kufundisha na kuratibu ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye barua ya mkuu wa idara. Saa za studio unazijua mwaka mzima kabla. Saa za uratibu hazijulikani: mwalimu kaugua, mwanafunzi kakata rufaa, kikao kimeitwa kesho asubuhi, ripoti inatakiwa leo. Ofisi inaweza kuishi na mwenyewe aliye darasani kwa siku zinazofahamika. Ofisi yenye watu 5 haiwezi kuishi na mwenyewe anayeweza kuitwa saa yoyote. Ungekuwa na mshirika ningesema vingine. Yvonne Farrell na Shelley McNamara, wasanifu wa Ireland, walianza kufundisha University College Dublin mwaka 1976, wakaanzisha ofisi yao ya Grafton na wenzao mwaka 1978, wakavibeba vyote viwili kwa miaka mingi, na mwaka 2020 wakapata Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu majengo. Ninachokiona kwao kabla ya kingine chochote ni kwamba hakuna aliyekuwa peke yake. Labda yule msaidizi wako, baada ya miaka miwili ya kusimamisha zege, atakuwa mshirika. Mwangalie kwa jicho hilo.

Nenda kwa mkuu wa idara na ombi lako mwenyewe. Mwambie unashukuru, uratibu hutauweza, ila unataka kuendelea na studio kwa mkataba wa muda ulioandikwa vizuri, ukitaja saa zako na ruhusa ya kuwa na ofisi nje, maana mikataba mingi ya vyuo inataka kazi ya nje itajwe na ikubaliwe. Omba saa 12 zako zikusanywe kwenye siku mbili zinazofuatana. Hapo ndipo wiki yako inapovunjika sasa: Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Kila siku ya ofisi imezungukwa na siku za chuo, na asubuhi ya siku ya studio haina faida kwa mtu yeyote, unachora huku unatazama saa. Siku mbili mfululizo zitakupa siku 3 nzima za ofisi, na saiti zako zote ziangukie humo.

Akikuambia ni uratibu au uondoke, ondoka. Studio unaweza kuirudia baada ya miaka 3, vyuo havitaacha kuhitaji watu wanaojenga. Ofisi ya miaka 8 ukiifunga, wale vijana 4 hawatakusubiri.

Mume wako anataka ulale na ana haki. Kama baada ya mihula miwili ya mpangilio huu bado unachora saa 7 usiku, nitaungana naye, na wakati huo nitakuambia uache chuo kwa mwaka mmoja. Mama yako mpe salamu zangu.

Limebaki moja, na hili usilisubirishe mpaka muhula ujao. Yule kijana aliyekunja karatasi yake. Usimwite ofisini kwako, ataogopa. Mtafute pale mezani kwake siku isiyo ya studio, simu ukiwa umeiacha kwa msaidizi wako, uvute kiti ukae chini, si kusimama. Mwambie wiki 5 zilizopita alikuwa na swali na wewe ukatazama simu. Muombe aifungue ile karatasi.